Jiwe la Kilo

(Nyanda za juu za Paraíba, 1874 na baadaye)

Jumamosi ile sikutua kapu.
Kutua kapu sokoni kulikuwa na bei:
ushuru wa udongo, walisema,
udongo uleule nilioutambaa
kabla sijaota meno.

Nikasimama na unga wa muhogo kichwani
toka kengele ya misa hadi jua la utosini,
shingo ikigeuka mti,
na Eufrásio mtoza ushuru akinizunguka
kama nzi anayengoja mtu asinzie.
"Utachoka, Belarmina."
"Nikichoka nitakuita unipokee."

Halafu wakaleta kilo.

Sisi tulikuwa na kibuyu cha bibi yangu Quitéria,
kijae, kifurike, kisha gao moja la nyongeza
kwa mfiwa, kwa mjamzito,
kwa aliyenichekesha.
Kitambaa tulikipima kwa mkono, kidole hadi bega,
na mwenye akili alimtafuta muuzaji mrefu.
Muuzaji alijua. Mnunuzi alijua.
Hakuna aliyekwenda mahakamani.

Kilo lilikuwa jiwe la shaba,
shingo fupi, tumbo mbele, kama sajini.
Limetoka ng'ambo, walisema,
kwa watu walioizungushia dunia kamba
ndipo wakajua waikate wapi.
Na mizani yenyewe ilikuwa ya kukodi!
Yaani hata kujua umepunjwa kiasi gani
ulipie kwanza.

Nani alianza, sijui.
Nilisikia shaba ikigonga ngazi za kanisa,
nikageuka, na Tibúrcio wangu,
mtu wa kumwomba punda radhi kabla ya kumpakia,
ameshika panga juu,
anacheka kama aliyevuliwa kiatu kinachobana.

Wengine walikuja na bunduki za kuwindia njiwa,
wengine na michi.
Tulivunja mizani, tulivunja mlango wa ofisi.
Karatasi zikawaka vizuri kuliko kuni;
madeni yana mafuta.
Mimi, kapu bado kichwani,
niliokota jiwe moja la kilo
nikaenda nalo hadi bwawani
nikalitupa katikati.
Lilizama bila ubishi.

Serikali haikuja na mizani.
Ilikuja na ngozi.
Ngozi mbichi ya ng'ombe, imelowekwa maji,
wakawashonea wanaume wetu vifuani
wakawapanga safu, wakatembea nao kuelekea pwani.
Kazi iliyobaki ilikuwa ya jua.
Jua letu lenyewe, lililotukaushia nyama na mahindi,
liliajiriwa siku ile.

Ngozi ikikauka hujikunja.
Hili kila mtoto wa kwetu analijua.

Tibúrcio alirudi baada ya miezi mitano
na pumzi nusu kibaba.
Hakusimulia. Usiku nilimpanulia shati,
vifungo vyote,
na bado alikuwa akivuta kola.

Kisha mvua ikatuhama.
Mwaka wa kwanza tulisali, wa pili tulikula mizizi,
wa tatu bwawa lilikunja mkeka wake likaondoka.
Hapo ndipo nililiona,
kwenye tope lililopasuka vigae,
limevaa kutu ya kijani, limekaa wima,
linanitazama kama mdeni aliyechoka kujificha.
Nililifuta kwa upindo wa sketi.
Nyumbani hapakuwa na cha kupima.

Mjini waligawa unga wa msaada.
Nyuma ya mizani, nani tena, Eufrásio,
amenenepa mwaka ambao mbwa wamekufa.
"Kilo moja kila kaya," akasema,
na jiwe lake liking'aa kama jino la dhahabu.

Nikaingiza mkono kapuni.

Sahani hii la kwake.
Sahani hii la kwangu, na tope lake nimelikwangua.
La kwake likapanda hewani,
jepesi kama kiapo chake,
likabaki huko likiyumba.
Foleni nzima ikanyamaza ikisoma,
watu mia mbili wasiojua herufi.

Basi nikatua kapu.
Chini, kwenye udongo.
Nikamtazama usoni,
nikangoja anidai.